Koneksheni na shule: jibu kwa meneja mpya wa hospitali

Swali

"Shikamoo mwalimu. Kitaaluma mimi ni mhasibu. Nimefanya kazi miaka mingi upande wa fedha katika kampuni za usafirishaji, na mwaka jana nikateuliwa kuwa meneja mkuu wa hospitali binafsi yenye vitanda 80. Mahesabu nayaweza, ila hospitali yenyewe bado inanichanganya, na madaktari wananiona mtu wa hela tu. Mwenyekiti wa bodi ananisisitiza nijenge koneksheni na nirudi shule. Nimeshakwenda kwenye makongamano, nikarudi na kadi za watu na mabegi ya vipeperushi, wala sioni kilichobadilika kazini. Je, nisome shahada ya uzamili? Nijiunge na chama cha kitaaluma? Muda wenyewe sina, na kusema kweli mimi si mtu wa kuanzisha mazungumzo na watu nisiowajua. Nianzie wapi?"

Jibu

Marahaba, dada. Mwenyekiti wako hajakosea, ila amekupa kazi moja akaiita kwa majina mawili. Sehemu kubwa ya unachohitaji kujua kuhusu kuendesha hospitali haijaandikwa mahali popote. Imo vichwani mwa watu wanaoendesha hospitali kama yako, nao hawatakumegea mpaka nawe uwe na cha kuwamegea. Kwa hiyo chukua kipimo kimoja cha kazini kwako kinachokunyima usingizi, tafuta watu wachache wenye tatizo hilohilo, wekeni takwimu zenu mezani, kisha mtembeleane. Koneksheni itapatikana hapo, na sehemu kubwa ya shule pia.

Kisa ninachopenda kuwapa viongozi wapya ni cha madaktari wa upasuaji wa moyo, na huhitaji udaktari kukielewa. Mwaka 1987, hospitali zilizokuwa zikifanya upasuaji huo katika majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, zilianza kukusanya takwimu zao kwa pamoja. Zilikuwa hospitali 5. Kundi lao likaitwa Northern New England Cardiovascular Disease Study Group. Walipolinganisha vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kupitisha damu pembeni ya mishipa iliyoziba, walikuta tofauti kubwa kati ya hospitali na hospitali, na kati ya daktari na daktari. Kila mtu alikuwa na maelezo yaleyale: wagonjwa wangu ni wazee zaidi, wangu wanakuja wakiwa hoi. Wakahesabu upya wakizingatia umri na ukali wa ugonjwa. Tofauti ikabaki palepale.

Hapo wangeweza kuanza kunyoosheana vidole. Badala yake wakafanya mambo matatu. Kila daktari alipewa matokeo yake mara kwa mara. Walifundishwa mbinu za kuboresha huduma, zile zinazotumika viwandani. Kisha wakatembeleana, timu ya hospitali moja ikienda kusimama katika chumba cha upasuaji cha nyingine na kutazama kazi inavyofanyika tangu mgonjwa anapopokelewa. Walipochapisha matokeo mwaka 1996, vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 24 kulinganisha na vilivyotarajiwa. Kwa idadi ya watu, ni vifo 74 ambavyo havikutokea. Wapo waliobisha, wakionyesha kwamba katika miaka hiyo vifo vya upasuaji huo vilishuka hata Massachusetts, ambako hakukuwa na mpango wa namna hiyo. Ubishi huo ni wa haki, na siwezi kukwambia kwamba asilimia zote 24 zinatokana na kutembeleana. Ninachokwambia ni kwamba watu walioshindana kwa jina na kwa wagonjwa walikubali kuonyeshana aibu zao. Ukiwa na watu wa namna hiyo hata 5 tu, umepata mtandao bora kuliko mwenye kadi 500 kwenye droo.

Sasa tuje kwako. Wewe ni mhasibu, na hapo ndipo una faida ambayo wengi wanaopanda kutoka kwenye udaktari au uuguzi hawana: unajua kwamba kipimo kisichokubaliwa jinsi ya kuhesabiwa ni porojo. Chukua mfano wa mgonjwa anayeruhusiwa. Daktari anapita wodini saa tatu asubuhi na kuandika ruhusa. Kitanda kinakuwa wazi saa kumi jioni. Katikati hapo faili limekwenda famasia kwa ajili ya dawa za kwenda nazo nyumbani, limerudi, limekwenda kwenye bili, bima imepigiwa simu haijajibu, ndugu wa kumchukua mgonjwa hajapewa taarifa, na mtu wa usafi ameitwa mwisho kabisa. Muda wote huo kuna mgonjwa mwingine kule dharura amelala kwenye machela akisubiri kitanda. Mkurugenzi akija kuniambia hospitali yake imejaa na anataka mkopo wa kujenga wodi mpya, huwa namuuliza kwanza hizo saa 7 zinakwenda wapi.

Tuseme umeamua hilo ndilo swali lako. Ukimpigia mwenzako wa hospitali nyingine na kumuuliza wao wanachukua muda gani, anaweza kukujibu "saa mbili" bila kusita. Utakata simu ukijiona hufai. Lakini muulize saa yake inaanza kuhesabiwa wapi. Mara nyingi utakuta inaanza bili ikishakamilika, wakati yako inaanza daktari akishika kalamu. Hapo ndipo elimu yenyewe ilipo, katika kubishana kuhusu mwanzo na mwisho wa kipimo, maana kila mmoja analazimika kueleza hospitali yake inavyotembea hatua kwa hatua. Mtagundua kwamba mmoja wenu anaandaa dawa za kwenda nyumbani jioni ya siku iliyotangulia, na mwingine ana muuguzi mwenye mamlaka ya kukamilisha ruhusa kwa vigezo alivyoacha daktari. Hayo hayafundishwi kwenye mhadhara wenye kichwa cha habari "Uongozi Bora katika Sekta ya Afya".

Si lazima iwe ruhusa. Inaweza kuwa madai ya bima yanayokataliwa kwa mara ya kwanza, siku ambazo dawa za lazima zinakosekana stoo, au wauguzi wanaoacha kazi kabla ya kumaliza mwaka. Chagua kimoja. Viongozi wapya hupenda kubeba vyote kwa pamoja, na matokeo yake ni ripoti nene isiyosomwa na mtu.

Kundi la namna hii lina historia yake. Mwingereza Reg Revans alianza kulijenga wazo hilo kwenye sekta ya makaa ya mawe miaka ya 1940, na miaka ya 1960 akalipeleka katika hospitali 10 za London. Hoja yake ilikuwa kwamba kujifunza ni maarifa yaliyokwisha kuandaliwa, ukijumlisha maswali ya kudadisi juu ya jambo ambalo hakuna anayelijua jibu lake. Akawakusanya watu wachache walio katika dhiki moja, kila mmoja akileta tatizo lake halisi, wenzake wakiruhusiwa kuuliza zaidi kuliko kushauri. Sharti hilo la kuuliza kwanza lichukue kama lilivyo. Mameneja wakikutana wana hamu kubwa ya kushauriana, na ushauri unaotolewa kabla ya tatizo kueleweka ni wa bure kwa maana zote mbili.

Watu 5 au 6 wanatosha. Watafute kwenye hospitali ambazo haziwanii wagonjwa haohao unaowawania wewe, ama kwa umbali au kwa aina ya huduma. Wasiwe wote wakurugenzi. Muuguzi mkuu mmoja na mtu mmoja wa manunuzi watawaokoa na mazungumzo ya juujuu. Kutaneni kila mwezi kwa saa moja na nusu, na asiye na takwimu za mwezi huo asizungumze, asikilize tu.

Hilo ni kundi la ndani. Nje yake unahitaji watu wa aina nyingine kabisa, ambao huwajui sana wala hukutani nao mara kwa mara. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana, akionyesha kwamba miongoni mwa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, kwa miaka 5, uliunga mkono jambo hilo kwa masahihisho kidogo: waliosaidia zaidi ni wale wa ufahamiano wa wastani, si ndugu wa kila siku, wala si wale usio na uhusiano wowote nao wa maana. Tafiti zote mbili zilihusu ajira, lakini sababu yake inahamishika hadi kwako. Unaokula nao chakula cha mchana wanajua unachokijua. Jipya hutoka kwa anayeishi upande wa pili wa ukuta.

Kwa meneja wa hospitali, upande wa pili wa ukuta wapo watu ambao hakuna anayewaza kubadilishana nao namba. Afisa wa kampuni ya bima anayepitia madai, kwa mfano, ndiye anayejua kwa nini yako yanarudi. Fundi wa mashine za maabara anaingia hospitali nyingi kwa mwezi na ameona ni nani anatunza vifaa na nani anavitelekeza. Usimwombe akupe siri za wenzako. Muulize tu hospitali zinazotunza vizuri zinafanya nini tofauti, utashangaa alivyo tayari kueleza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na kuna watu wa kazi yako ya zamani. Umeandika "kampuni za usafirishaji" kama mtu anayeomba radhi. Kule London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, madaktari Martin Elliott na Allan Goldman walikuwa wakihangaika na dakika za kumhamisha mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo kumpeleka wodi ya wagonjwa mahututi: mirija, waya, mashine na maelezo vyote vikihama kwa wakati mmoja, kila mtu akiongea. Waliona kwenye televisheni timu za mbio za magari za Formula 1 zikibadilisha matairi, wakawatafuta watu wa timu ya Ferrari. Wale mafundi wa magari hawakujua lolote kuhusu moyo wa mtoto, lakini waliona mara moja kwamba haikuwa wazi ni nani anayeongoza na nani anafanya nini kwa mpangilio upi. Utaratibu ukaandikwa upya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha makosa ya kiufundi na taarifa zilizosahauliwa vimepungua. Sasa wewe umekaa miaka mingi karibu na watu wanaojua ratiba, matengenezo ya kinga, makabidhiano ya zamu na gharama ya chombo kinachosimama bila kazi. Mwite mmoja wao, mpitishe kwenye njia ya mgonjwa tangu mapokezi hadi getini, mwache aulize maswali ya kijinga. Madaktari wanaweza kucheka siku ya kwanza.

Umesema si mtu wa kuanzisha mazungumzo. Nakuelewa, na sioni kama ni kasoro katika kazi hii. Wachangamfu wanaozunguka ukumbi mzima wakigawa kadi huwa hawakumbuki waliyezungumza naye. Mtu mkimya mwenye swali mahususi anakumbukwa. Tena huhitaji kusubiri kongamano. Andika ujumbe mfupi kwa mtu mmoja, kwa mfano hivi: "Habari za kazi. Mimi ni meneja wa hospitali ya vitanda 80. Wagonjwa wetu wanasubiri wastani wa saa 7 tangu waruhusiwe hadi watoke, na nimesikia mmeshughulikia jambo hili. Naomba dakika 20 za simu wiki ijayo nikuulize mlianzia wapi. Nitakutumia takwimu zetu kabla ya kuongea." Mistari hiyo imebeba namba yako, imeomba kitu kidogo kinachopimika, na imetoa kabla ya kupokea. Hajajibu? Mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine bila kinyongo. Akijibu na ukafanyia kazi alichokwambia, mrudishie matokeo baada ya muda, hata kama hayakuwa mazuri. Hiyo hatua ya mwisho karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayogeuza simu moja kuwa uhusiano wa kazi.

Kuhusu makongamano, siyatupi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2009 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, kuhusu mikutano na warsha za watoa huduma za afya yalikuta kwamba ufuataji wa utendaji unaotakiwa uliongezeka kwa takriban asilimia 6 hivi, na kwamba zilizochanganya mihadhara na kushirikisha watu zilifanya vizuri kuliko za aina moja. Asilimia 6 si sifuri, lakini nadhani inaeleza vizuri lile begi la vipeperushi. Kabla ya kulipa ada ya kongamano lolote, tafuta orodha ya wazungumzaji, chagua wawili wanaohusika na swali lako, uwaandikie kabla ili mkutane wakati wa chai. Usipopata hata wawili, baki kazini. Na angalia nani anagharamia: mkutano unaolipiwa na muuza mashine huwa na tabia ya kugundua kwamba tatizo lako kubwa ni kukosa mashine.

Vyama vya kitaaluma vina uzito wake. Vikubwa vya fani hii vina umri: MGMA ya mameneja wa vituo vya madaktari nchini Marekani ilianza mwaka 1926, Shirikisho la Kimataifa la Hospitali lilianza 1929, chuo cha watendaji wa afya kinachojulikana kama ACHE kilianzishwa Chicago mwaka 1933, na HFMA, chama cha watu wa fedha za hospitali ambacho wewe mhasibu ungekielewa haraka, kilianza 1946 kama chama cha wahasibu wa hospitali. ACHE ina hadhi ya Fellow ambayo mtu huipata kwa mtihani na masharti mengine, na lazima aihuishe kila baada ya miaka 3 kwa kuonyesha kwamba ameendelea kusoma. Sharti hilo la kuhuisha nalipenda kuliko cheti chenyewe. Lakini uanachama ni mlango tu. Kabla ya kujiunga na chama chochote, cha kwenu au cha kimataifa, uliza kama kina vikundi vya kazi vinavyolinganisha takwimu za wanachama, na kama mwanachama wa kawaida anaweza kupewa kazi ya kufanya. Jitolee kazi ndogo yenye mwisho, kama kupanga kikao kimoja au kuhariri ripoti moja. Utafahamiana na watu kwa kufanya nao kitu, na hiyo ni njia rahisi zaidi kwa mtu asiyependa soga.

Shahada ya uzamili? Si sasa. Nasema hivyo nikijua baadhi ya walimu wenzangu watanuna. Kinachokupungukia kwa maelezo yako ni kuelewa kazi ya tiba, na shahada nyingi za uongozi wa afya zitakufundisha fedha na mikakati, vitu ambavyo tayari unavyo. Isome baadaye, ama kwa sababu kuna hadhi inayoidai, au kwa sababu umepata darasa la watu walio kazini ambao ungetaka kubaki nao baada ya kuhitimu.

Kwa mwaka huu darasa lako ni wodi. Omba ruhusa ya mganga mkuu uhudhurie kikao cha kujadili vifo na matatizo ya matibabu, ukae nyuma, usiseme neno kuhusu gharama. Ukisikia usichokielewa, andika, umuulize daktari mmoja faraghani baadaye. Fuatana na muuguzi wa zamu ya usiku tangu makabidhiano hadi alfajiri. Jifunze misingi ya kuzuia maambukizi mpaka uweze kueleza kwa nini kupunguza glavu si kubana matumizi. Jifunze pia jinsi watoa huduma wanavyolipwa: kwa kila huduma, kwa kila kichwa, au kwa mkupuo, yaani kiasi kimoja kilichopangwa kwa kundi la ugonjwa, kama Medicare, bima ya serikali ya Marekani, ilivyoanza kulipa hospitali mwaka 1983. Njia ya malipo inabadilisha tabia za wodini, na hapo uhasibu wako na utabibu wao vinakutana. Daktari akikusikia unauliza kwa nini malipo ya mkupuo yanashawishi kumruhusu mgonjwa mapema kabla hajawa tayari, ataacha kukuona mtu wa hela. Au ataendelea, lakini kwa heshima.

Kusoma kwenyewe kuna siri moja iliyothibitishwa vizuri. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliorudia kusoma maandishi waliyakumbuka vizuri dakika chache baadaye, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka. Kwa mtu wa kazi maana yake ni hii: ukirudi kutoka kwenye ziara au warsha, waite wakuu wa idara siku hizohizo na uwaeleze ulichojifunza bila kusoma slaidi. Utakapokwama ndipo hukuelewa.

Suala la muda nalichukulia kwa uzito, ila nadhani unalihesabu vibaya. Kikao cha mwezi, simu moja au mbili na zamu moja ya wodini havifiki hata siku mbili kwa mwezi, na kongamano moja la siku tatu linakula zaidi ya hizo. Umbali nao si kisingizio kama zamani. Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora wa New Mexico, Marekani, alianza kuwakutanisha kila wiki kwa video wahudumu wa vijijini na magerezani na mabingwa wa chuo kikuu ili wajadili wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, bila kutaja majina ya wagonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha wagonjwa waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa kiwango kilekile cha waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo: asilimia 58.2 kwa 57.5. Mpango huo, Project ECHO, umesambaa nchi nyingi. Kilichofanya kazi pale ni ratiba isiyovunjwa na kesi za kweli. Kundi lenu likiahirisha kikao mara mbili mfululizo, lihesabu limekufa, uanze jingine.

Kuna mipaka ambayo lazima uijue kabla hujaweka takwimu yoyote mezani. Hospitali zinazoshindana zikianza kuzungumzia bei zao, mishahara ya wauguzi au bima ipi ya kususia, zimeingia kwenye sheria za ushindani, na katika nchi nyingi adhabu yake ni kali hata kama mliongea kwa nia njema. Sheria hizo hazisimami mahali pamoja: Februari 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifuta miongozo iliyoanzia miaka ya 1990 ambayo hospitali za huko zilikuwa zikiitegemea katika kupeana taarifa. Kwa hiyo mwonyeshe mwanasheria wa hospitali orodha ya vipimo mnavyotaka kulinganisha. Saa za kusubiri, dawa zilizokosekana na maambukizi ya kidonda kwa kawaida ni mahali salama zaidi kuliko chochote chenye alama ya fedha. Taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mgonjwa isitoke getini, na kundi la WhatsApp si mahali pa picha ya faili, hata ukiwa umefunika jina kwa kidole. Muuzaji anayetaka kujiunga na kundi lenu mkaribisheni siku ya kuulizwa maswali, kisha aondoke.

Mwisho ni ziara, na hapa ndipo ningetumia fedha ya bodi. Wenyeji wengi hawakatai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aravind, hospitali ya macho iliyoanza na vitanda 11 mjini Madurai, India, mwaka 1976, iliona faida ya kupokea wageni mpaka mwaka 1992 ikaanzisha taasisi ya kufundisha hospitali nyingine jinsi ya kujiendesha, ikipendelea hospitali itume timu badala ya mkubwa peke yake. Wageni wakiuliza "kwa nini mnafanya hivi?", mwenyeji naye analazimika kutafuta jibu.

Mwambie mwenyekiti aondoe ada ya kongamano lijalo kwenye bajeti yako, aweke nauli za watu wanne kwenda hospitali moja kwa siku mbili. Nenda na muuguzi wa wodi inayojaa zaidi, mfamasia, na yule mtu wa bili anayelalamika kila siku. Kabla hamjaondoka kila mmoja aandike anachodhani atakikuta kule, na jioni ya siku ya kwanza, kabla ya chakula, msomeane.